Tanzania: Mwalimu Nyerere na redio iliyogeuka darasa

Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, anakumbukwa zaidi kwa uhuru, Ujamaa na mchango wake katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Linalotajwa kwa nadra ni jinsi alivyoitumia redio, chombo ambacho wengi walikihesabu kuwa cha habari na muziki, kuwafundisha watu wazima wasiojua kusoma.

Alizaliwa Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, huko Mwisenge mjini Musoma, kisha akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili kukiongoza chama cha TANU. Jina la Mwalimu halikumtoka tena, hata alipoingia Ikulu.

Nchi aliyokabidhiwa mwaka 1961 ilikuwa kubwa, yenye barabara chache na wasomaji wachache. Kwa mujibu wa sensa ya 1967, takriban watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Gazeti lisingewafikia hao. Kilichokuwapo ni redio ndogo za betri, pamoja na Kiswahili kilichoeleweka karibu kila mahali. Mwaka 1965 serikali ililitwaa shirika la utangazaji na kuligeuza idara yake, Redio Tanzania Dar es Salaam.

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Nyerere alihutubia taifa kwa redio na kuutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shabaha aliyoitanguliza haikuwa kusoma wala kuandika. Alitaka kwanza wananchi waache kuyapokea maradhi na umaskini kama majaliwa yasiyobadilika, mengine yangefuata.

Kampeni iliyovuma kuliko zote ilikuja mwaka 1973, nayo iliitwa Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo mafupi, na watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walishiriki kwa muda wa majuma 12. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi cha juma hilo, kisha aliyejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu kwa sauti. Baada ya hapo walijadiliana kuhusu kijiji chao wenyewe na kukubaliana watakalolitenda kabla ya kukutana tena. Walizungumzia malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Wakitoka hapo walifyeka majani yaliyozunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Inakadiriwa kuwa vyoo vilivyochimbwa vilifikia mamia ya maelfu.

Nguvu ya mpango huo ilikuwa katika kutoitegemea redio peke yake. Betri zilipoisha au mawimbi yalipofifia, kijitabu kilibaki, na kiongozi wa kikundi alibaki. Redio iliwakutanisha watu siku moja na saa moja nchi nzima, lakini uamuzi wa kuchukua jembe ulifanywa na majirani waliokaa uso kwa uso. Hili ni jambo ambalo wahisani wengi wa baadaye, waliopeleka mitambo vijijini bila watu wa kuisimamia, wangefaa kulitazama.

Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya lishe, Chakula ni Uhai. Kwa waliokwisha kujua kusoma, yalianzishwa magazeti ya vijijini ili wasisahau. Moja wapo, la Kanda ya Ziwa, liliitwa Elimu Haina Mwisho. Wasiojua kusoma walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na asilimia 27 miaka miwili baadaye.

Hata hivyo, sauti ilikuwa moja. Novemba 1973, miezi michache tu baada ya vikundi vya Mtu ni Afya kumaliza vipindi vyao, Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa katika miaka iliyofuata, wengine kwa nguvu, na baadhi yao nyumba zao zikachomwa moto. Mwananchi aliyekuwa amefundishwa kujadili mahali pa kuchimba choo hakuulizwa kama anataka kuondoka alipokichimba. Wala hapakuwa na kituo kingine cha redio Tanzania Bara cha kupeleka malalamiko yake.

Kwa vyombo vipya serikali yake ilikuwa na mkono mzito. Mwaka 1974 ilizuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini, kwa hoja kwamba nchi maskini haina budi kuchagua. Zanzibar, iliyokuwa na mamlaka yake katika mambo hayo, ilianza kurusha televisheni ya rangi katika miaka hiyohiyo. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Kuhusu televisheni hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa ingewafaa wachache wa mijini. Kuhusu kompyuta, ofisi na vyuo vilikosa miaka ya kujifunza ambayo haikurudi.

Nyerere aliondoka madarakani mwaka 1985, wakati uchumi umedorora na bidhaa nyingi zimeadimika madukani. Miaka yake ya mwisho aliitumia kusuluhisha mgogoro wa Burundi, katika mazungumzo yaliyofunguliwa Arusha mwaka 1998. Hakuyaona yakifikia mkataba, uliotiwa saini Agosti 2000 chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela.

Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika hospitali moja mjini London alikokuwa akitibiwa saratani ya damu. Rais Benjamin Mkapa aliwatangazia Watanzania msiba huo kwa redio na, safari hii, kwa televisheni pia. Mwalimu alizikwa Butiama.