Tribonian, Mpangaji wa Sheria za Warumi

Mkazi wa Buterere anunuapo kiwanja na kutia saini mkataba mbele ya mashahidi, aghalabu hajui kwamba kanuni zinazomfunga zina asili ya mbali. Sheria ya mikataba tuliyo nayo Burundi inatokana na amri ya Kongo ya mwaka 1888, iliyofuata mfano wa Ubelgiji. Ubelgiji ilizirithi kanuni hizo kutoka kwa Napoleon, na wanasheria wa Napoleon walichota mengi katika vitabu vya Warumi. Aliyesimamia upangaji wa vitabu hivyo ni Tribonian. Tunamweka katika kitabu cha sarufi kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kazi ya lugha.

Alizaliwa Side, mji wa pwani ulioko Uturuki ya leo, akawa wakili Konstantinopoli. Mwaka 528 Kaizari Justinian aliunda tume ya watu kumi ili ikusanye amri za makaizari waliotangulia. Tribonian alikuwa mmoja wao, wala hakuwa mkuu wao. Desemba 530 ndipo alipokabidhiwa uongozi wa kazi nzito zaidi, yaani kuyapanga maandiko ya wanasheria wa kale.

Maandiko hayo yalikuwa vitabu vipatavyo 2,000, na kwa hesabu yao wenyewe mistari 3,000,000, mengi yakipingana. Tribonian na wenzake 16, wakiwamo walimu wa sheria wa Konstantinopoli na Beirut, waliyapunguza hadi mistari 150,000 katika vitabu 50. Iliwachukua miaka mitatu tu.

Kila kifungu kilibakizwa na jina la mwandishi wake, awe Ulpian, Paulus au mwingine. Hata hivyo, tume iliruhusiwa kubadili maneno yaliyopitwa na wakati, kukata marudio na kuondoa migongano, bila kuweka alama yoyote mahali palipoguswa. Hivyo msomaji akutanapo na sentensi ya Ulpian, huenda anasoma sentensi ya Tribonian. Wataalamu wa karne za baadaye walichambua msamiati na miundo ya sentensi, wakimtafuta mhariri ndani ya maneno ya marehemu. Kwa maoni yetu, mwenye kesi alipata nafuu kubwa, lakini mwandishi wa kale alidhulumiwa. Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi hadi ikawa yake mwenyewe ataelewa tunasema nini. Kaizari naye alipiga marufuku vifupisho katika nakala za kitabu hicho, asije mwandishi mvivu akazaa maana mbili kwa herufi moja.

Kazi ikiendelea, Januari 532 wakazi wa Konstantinopoli waliasi. Miongoni mwa madai yao ni kwamba Tribonian aondolewe madarakani, kwa tuhuma za kuuza haki. Procopius, mwanahistoria wa zama hizo, alimsifu kwa elimu na kumlaumu kwa tamaa ya fedha. Justinian alimwondoa, kisha uasi ukazimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Lakini vitabu havikutoka mikononi mwa Tribonian, na baadaye alirudishiwa cheo chake.

Mwaka 533, pamoja na walimu Theophilus na Dorotheus, alitoa pia kitabu cha kiada cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kitabu hicho kilipewa nguvu ya sheria, heshima ambayo sisi watungaji wa vitabu vya sarufi hatujaipata.

Alifariki yapata mwaka 542. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandaa sheria mpya za Justinian. Vile vitabu 50 viliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo wengi wa raia wa Konstantinopoli hawakuizungumza. Sheria hizi mpya, nyingi zilitolewa kwa Kigiriki.