Carl Akeley: Mwindaji Aliyegeuka Mtetezi wa Gorila

Wahenga walisema kuwa majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wengi hujuta na mambo yakaishia hapo. Carl Akeley ni miongoni mwa wachache ambao majuto yao yalizaa matunda. Aliingia katika milima ya Virunga akiwa mwindaji, akatoka akiwa mtetezi wa wanyama wale wale aliokuwa amewafuata kwa bunduki.

Akeley alizaliwa mwaka wa 1864 huko Clarendon, katika jimbo la New York, Marekani. Alilelewa shambani, na tangu utotoni alipenda kuhifadhi ngozi za ndege na wanyama ili waonekane kama wangali hai. Siku hizo mafundi wa kazi hiyo walizijaza ngozi nyasi kavu na matambara, mnyama akatokea kama gunia. Akeley aliibadilisha kazi hiyo. Alifinyanga kwanza umbo la mnyama kwa udongo, msuli baada ya msuli, kisha akatumia kalibu kupata kiwiliwili chepesi ambacho alikivika ngozi.

Ufundi huo ndio uliomleta Afrika. Mwaka wa 1896, akilifanyia kazi jumba la makumbusho la Chicago, alishambuliwa na chui katika nchi ya Wasomali, akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka wa 1910 alivamiwa na ndovu kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wapagazi walidhani amekufa. Mkewe, Delia, ndiye aliyepanda mlimani kumwokoa. Alipokuwa akiuguza majeraha, alipata wazo la kujenga ukumbi mkubwa wa wanyama wa Afrika katika jumba la makumbusho la New York. Aliamini kuwa wanyama hao walikuwa mbioni kutoweka, na kwamba vizazi vijavyo vingewaona nyuma ya vioo tu. Kwa hivyo aliua ili ahifadhi.

Imani hiyo ilitikisika mwaka wa 1921, alipokwenda kuwatafuta gorila katika milima ya Mikeno na Karisimbi, iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Masimulizi ya wasafiri yalikuwa yamemchora gorila kama dubwana katili. Akeley alikuta jamii za wanyama watulivu waliokula majani na kumkwepa binadamu. Msafara wake uliwaua gorila watano, mmoja wao akiwa mchanga. Baadaye Akeley alikiri kwamba, alipoutazama uso wa gorila aliyemuua, ilikuwa vigumu asijione muuaji. Katika safari iyo hiyo alishika kamera aliyoibuni mwenyewe, akawapiga gorila picha za filamu wakiwa hai katika makao yao.

Aliporudi Marekani, Akeley aliishawishi serikali ya Ubelgiji kuitenga milima hiyo iwe kimbilio la gorila. Mnamo tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert wa Kwanza alitoa amri ya kuanzisha Mbuga ya Kitaifa ya Albert, ya kwanza ya kitaifa barani Afrika. Mwaka uliofuata Akeley alirejea huko akiwa na mkewe wa pili, Mary. Aliugua njiani, akafariki mnamo Novemba 1926, akazikwa Kabara, kwenye miteremko ya Mikeno. Ukumbi aliouwazia ulifunguliwa mwaka wa 1936 na kupewa jina lake.

Hata hivyo, sifa zisitupofushe. Mbuga hiyo ilianzishwa kwa amri ya mkoloni, na ilipopanuliwa, wenyeji wengi walihamishwa kutoka ardhi yao. Mzigo wa kuilinda nao umewaangukia Waafrika: zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiwa kazini katika upande wa Kongo, ambao sasa huitwa Mbuga ya Kitaifa ya Virunga. Upande wa Rwanda sasa ni Mbuga ya Kitaifa ya Volkano. Mwaka wa 2018 ilitangazwa kwamba gorila wa milimani wamepita 1,000, wakiwa Virunga na katika msitu wa Bwindi, Uganda.

Gorila watano wa Akeley wangali New York, nyuma ya kioo. Jamaa zao wangali Virunga, wakila majani karibu na kaburi lake. Hao wa pili ndio ushahidi kwamba majuto, yakifuatwa na vitendo, yanaweza kuokoa.