Siti wa Ng'ambo ya Daraja

Kama bumu limeingia na bado hujalimaliza kwa chipsi na bando, nakushauri uvuke maji uende Unguja hata kwa siku mbili. Sisi tulikwenda wanne: wawili wa Mbagala, mmoja wa Mwananyamala, na mimi wa Tandika. Boti ya asubuhi, chumba kimoja cha kubanana, urojo mchana, Forodhani usiku. Hayo kila mtu anayajua, picha zake mnazo kwenye simu, siyarudii.

Kijana aliyetutembeza vichochoroni alikuwa mcheshi na alijua kazi yake. Alitusimamisha mbele ya nyumba inayotajwa kuwa ya Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, tukapiga picha. Akatupeleka Ngome Kongwe, akatuonyesha milango ya misumari na mahali palipokuwa soko la watumwa. Nilipomuuliza habari za Siti binti Saad, akanyoosha mkono kuelekea Darajani akasema hayo mambo ya ng'ambo, wageni hawaendi huko. Basi. Tukarudi kupiga picha milango.

Jibu lile nimekaa nalo wiki nzima, kwa sababu bila kukusudia alikuwa ameeleza nusu ya maisha ya yule mama.

Ukitaka kumwelewa Siti uanze na maji. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zamani ulikuwa karibu uwe kisiwa. Mkono wa bahari uliokuwa ukiitwa Pwani Ndogo uliingia nyuma yake, ukijaa na kupwa, na ukautenga na nchi kavu. Upande mmoja majumba ya mawe ya masultani, mabalozi na matajiri. Upande wa pili vibanda vya udongo na makuti vya wachukuzi, madobi, wavuvi, watu waliotoka bara na waliokuwa watumwa. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, yaani ukaitwa kwa jicho la aliyesimama kwenye mawe. Katikati palikuwa na daraja, ndiyo maana pale sokoni mpaka leo panaitwa Darajani ingawa daraja lenyewe hulioni. Mkondo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na juu yake inapita barabara yenye jina la Benjamin Mkapa. Sisi wa Dar tusijifanye kushangaa. Kigamboni nayo, ukilisikiliza jina vizuri, imebeba neno hilo hilo.

Siti hakuzaliwa hata hapo Ng'ambo. Alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa, karibu mwaka 1880. Baba alikuwa wa asili ya Unyamwezi, mama Uzigua, na jina walilompa mtoto ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa binti Saad. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897, kwa hiyo jina lile halikuwa utani wa bibi na mjukuu. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye akiwa mjini. Mimi nikiwa na uwezo ningeomba kila anayesoma jina lake alisome na lile la kwanza pamoja, ndipo aone umbali aliokwenda.

Mama yake alifinyanga vyungu. Binti alivibeba akavinadi, njia nzima kwa miguu mpaka mjini, na kunadi ndiko kulikomfundisha kupaza sauti. Shule hakusoma. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, na kama wahamiaji wengi akafikia Ng'ambo. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemsikia akaona kuna kitu, akaanza kumfundisha kuimba na vyombo.

Hapa inabidi nieleze taarabu ilikuwaje wakati huo, maana sisi tumeikuta ya kwenye kumbi za harusi. Ilikuwa starehe ya ikulu. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeikuza baada ya kuvutiwa na muziki wa Misri, hata akamtuma mtu huko kwenda kujifunza. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Wasikilizaji wengi hawakukielewa Kiarabu hicho, lakini kutoelewa kulikuwa sehemu ya heshima yake, kama vile mhadhiri anavyoheshimiwa zaidi darasa likitoka bila kuambulia kitu.

Siti akaimba kwa Kiswahili. Alikuwa na wenzake akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalim Shaaban na Mbaruk Talsam, na wakikutana nyumbani kwake usiku kufanya mazoezi, habari za siku nzima za mtaa zilikuwa zikigeuzwa nyimbo. Nani kaonewa mahakamani, nani mwenye cheo kamdhulumu asiyejua kusoma, nani kaachwa, nani kajidai. Waliomwalika walikuwa wote: akiimba kwenye majumba ya mawe, akiimba kwenye harusi za Ng'ambo. Daraja lile alilivuka kwenda na kurudi, na Kiswahili chake akavuka nacho.

Wapo waliomchukia. Walimcheka sura, wakamcheka asili, wakauliza binti wa mfinyanzi kutoka shamba amekuwa nani. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba cha maana kwake ni akili na sauti, uzuri wa sura si kitu cha kumwekea mtu mezani. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, yatafute uyasikie yakiimbwa.

Wimbo uliotunyima usingizi sisi wanne ni ule wa Kijiti. Mmoja wetu anasoma Sheria na alikuwa nao kwenye simu, akatusimulia kisa chake usiku tukiwa tumelala chali chumbani. Mwanamke mjamzito ametoka Dar es Salaam, mgeni kabisa, amevuka kama sisi. Mwanamume anayeitwa Kijiti anamchukua pamoja na wanawake wenyeji kwenda kwenye starehe nje ya mji, na kuna pombe. Kijiti anamwua, anakimbilia bara. Kesi inafika mahakamani, wanawake wawili waliokuwa naye wanasimama kama mashahidi, na wao ndio wanaoishia kuadhibiwa kwa habari ya ile pombe. Muuaji hayupo, marehemu hana wa kumsemea, na hakimu amekaa kwenye kiti chake.

Tulibishana mpaka saa nane. Rafiki yetu wa Mwananyamala, tena ni msichana mwenzetu, alisema jambo la kwanza ni kwamba yule dada hakutakiwa kwenda. Wa Sheria akamuuliza kama na sisi hatukutakiwa kuja. Kimya. Nadhani kimya kile ndicho Siti alichokuwa anakitafuta. Mnajua wenyewe hapa chuoni likitokea jambo kwa binti, maswali ya kwanza huwa gani: saa ngapi, alivaa nini, alikuwa na nani, alikunywa? Swali la yule aliyefanya liko wapi huja mwishoni kama limekumbukwa. Siti hakusoma sheria, lakini aliona kasoro hiyo akaitia kwenye muziki ambao mahakimu na watawala nao walikuwa wanausikiliza.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay kurekodi santuri na kampuni ya His Master's Voice. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za Kiswahili kuuzwa, zikaenda pwani nzima na bara. Mtu asiyejua kusoma sasa akawa anasikika katika miji ambayo hajawahi kuikanyaga, vibarazani na kwenye mikahawa yenye gramafoni.

Na mwaka huo huo, nyumbani Ng'ambo, wapangaji waligoma kulipa kodi ya viwanja. Vibanda vilikuwa vyao lakini ardhi ilikuwa ya matajiri, na kodi ilikuwa imepandishwa mno. Sisemi nyimbo zake ndizo zilizoleta mgomo, hiyo itakuwa chumvi. Ninachosema ni kwamba watu wale wale walioacha kulipa ndio waliokuwa wakisikia usiku, kwa lugha yao, kwamba mkubwa naye anaweza kutajwa kwa jina. Aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa chumba cha Tandika atanielewa.

Utajiri haukumkaa sana, ila heshima alikufa nayo. Kabla ya kufariki Julai 1950 alimsimulia maisha yake Shaaban Robert, naye akayaandika katika Wasifu wa Siti binti Saad. Fikiria uzito wake: mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa enzi zile anaacha masultani na magavana, anakaa kumwandika mwimbaji aliyeanza maisha kwa jina la Mtumwa. Nakala mtaipata maktaba, ni kitabu chembamba, jioni mbili kimekwisha.

Alibaki kwa njia nyingine pia. Bi Kidude, tuliyemzika mwaka 2013, alianza akiwa mtoto kwa kumsikiliza Siti na kuziiga nyimbo zake. Na wanahabari wanawake walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987 na kuanzisha jarida, waliliita Sauti ya Siti.

Baadhi ya rekodi za Bombay ziko kwenye intaneti. Weka spika za masikioni, maana zina mikwaruzo kama mvua juu ya bati, fidla inalia mbele, na ile sauti inatokea nyuma yake, nyembamba na kali, ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka mbali. Mara ya kwanza hutashika maneno. Mimi nilianza kuyasikia mara ya tatu.