Ronald Ngala: Mtu wa tahadhari aliyeibeba hofu ya Pwani hadi London

Ukitoka Mazeras ukapanda barabara ya Kaloleni, utafika Vishakani, mahali alipozikwa Ronald Gideon Ngala. Alifariki siku ya Krismasi mwaka 1972. Jina lake lipo kwenye barabara yenye shughuli nyingi katikati ya Nairobi na kwenye shule kadhaa huku kwetu. Lakini ukiwauliza vijana wa Pwani alisimamia nini hasa, wengi watakujibu neno moja tu, majimbo, na hapo mazungumzo yataishia.

Neno hilo halitoshi. Maisha ya Ngala yanatusaidia kujibu swali ambalo hurudi kila uchaguzi: mbona sehemu moja ya Kenya hukimbilia mabadiliko, na nyingine husitasita ikitaka kwanza kujua itapoteza nini? Wako wanaosema ni tabia za watu, kwamba wa bara ni wakali na wa Pwani ni wapole. Mimi sikubaliani nao. Ngala mwenyewe hakuwa mwoga, wala watu wake hawakuwa. Wagiriama ndio waliopigana na Mwingereza mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha wasitoe vijana wao kwa kazi za serikali. Kilichowafanya wawe wahafidhina miaka 50 baadaye ni hesabu ya ardhi.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 hivi, katika iliyokuwa wilaya ya Kilifi. Alisoma St. John's Kaloleni, shule ya misheni, akaenda Shimo la Tewa, kisha Alliance, na hatimaye Makerere alikosomea ualimu. Alifundisha na kuwa mwalimu mkuu Taita, halafu Buxton mjini Mombasa. Kwa hiyo kabla ya siasa alikuwa mwalimu, na mwenendo wa mwalimu haukumtoka: mpole wa sauti, mtu wa kusoma karatasi hadi mwisho kabla ya kutia sahihi.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Walishinda wanane, miongoni mwao Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro na Ngala wa Pwani. Wanane hao walikuwa kitu kimoja. Walikataa vyeo vya uwaziri na kudai viti zaidi. Kongamano la kwanza la Lancaster House lilipofunguliwa London, Januari 1960, aliyeongoza ujumbe wa Waafrika alikuwa Ngala, naye Mboya akawa katibu. Mtu wa Kilifi ndiye aliyekuwa mbele ya Kenya nzima.

Umoja huo haukudumu hata mwaka. Mara tu ilipobainika kwamba Mwingereza anaondoka, swali la kumwondoa lilikwisha, likaja la nani atarithi. KANU ilipoundwa mwaka huo wa 1960, Ngala na Moi walichaguliwa kushika vyeo vya hazina wakiwa ng'ambo. Waliporudi, hawakuvikubali. Juni 1960, kule Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, sehemu ya Waluhya, Wasomali na watu wa Pwani viliungana kuwa KADU, na Ngala akawa kiongozi wake.

Tangu hapo ramani ya siasa ya Kenya ilikuwa pia ramani ya ardhi. Jimbo la Kati lilikuwa limenyang'anywa mashamba na walowezi, likapitia vita vya Mau Mau na kambi za kizuizini. Watu wa huko hawakuwa na cha kungojea: walitaka Kenyatta aachiliwe na uhuru uje mara moja. Nyanza ya Odinga ilikuwa na wasomi na wafanyakazi wengi waliotapakaa mijini, nayo iliiona serikali moja yenye nguvu kuwa mlango wa maendeleo. Bonde la Ufa lilikuwa na hofu tofauti. Mashamba ya walowezi yalikuwa zamani malisho ya Wamaasai na Wakalenjin, na Mzungu akiondoka, nani angeingia? Waliogopa kwamba bendera ingebadilika lakini ardhi isirudi kwao.

Pwani ilikuwa na hofu hiyo maradufu. Chini ya mkataba wa 1895, ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Mwingereza kwa niaba yake. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kusajili hati za ardhi katika ukanda huo. Aliyeweza kuonyesha dai lake binafsi alipata hati, na wengi wao walikuwa Waarabu na Waswahili wenye mashamba. Mmijikenda aliyelima kwa utaratibu wa ukoo hakuwa na karatasi, na ardhi isiyokuwa na mwenye karatasi ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Hivyo ndivyo watu walivyogeuka maskwota kwenye minazi na mikorosho waliyoipanda wenyewe. Juu ya hayo, bandari ya Mombasa ilikuwa imejaa wafanyakazi kutoka bara, wenye elimu na vyama imara. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu ambao karatasi ya serikali ilishawanyang'anya mara moja hawakuwa na haraka ya kukabidhi kila kitu kwa serikali nyingine iliyo mbali.

Hata hivyo, Pwani yenyewe haikuwa na sauti moja. Wenye asili ya Kiarabu na Waswahili wengi wa miji walikuwa katika vuguvugu la Mwambao, lililotaka ukanda ujitawale au urudi chini ya Zanzibar. Hao walikuwa wahafidhina kuliko Ngala, kwa kuwa walitaka kulinda utaratibu uliokuwapo kabla ya Kenya. Taita kwa upande wake ilielemea KANU, na Dawson Mwanyumba wa huko akaingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Kenyatta. Ngala alisimama katikati. Aliikataa Mwambao, kwa sababu kwa Mmijikenda kurudi kwa Sultani kulikuwa kurudi kwa mwenye hati. Aliikataa pia serikali moja ya Nairobi. Njia yake ikawa majimbo: Kenya moja, lakini kila eneo liwe na bunge lake na usemi juu ya ardhi, polisi na shule.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulionyesha ugumu wa njia hiyo. KANU ilipata viti 19 na KADU 11, na kwa kura KANU iliizidi zaidi ya mara tatu. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa. Ngala akakubali. Akaunda serikali ya walio wachache, akisaidiwa na kundi la walowezi la Michael Blundell, ambaye alipewa wizara ya kilimo, pamoja na wabunge wa Kihindi. Uamuzi huo ulimgharimu. Machoni pa wengi alikuwa mtu aliyekaa na mkoloni mezani wakati wenzake wakidai mfungwa wao. Ni kweli kwamba nyumba iliyojengwa na serikali kwa ajili ya Kenyatta na kuachiliwa kwake Agosti mwaka huo vilitokea Ngala akiwa ofisini, lakini hakuna aliyemshukuru kwa hilo. Walowezi waliyapenda majimbo kwa sababu zao, wakiogopa kupoteza mashamba. Hofu ya maskini na hofu ya tajiri zilikutana chini ya mwavuli mmoja, na tajiri ndiye aliyekuwa na mawakili.

Mwaka 1962, katika kongamano la pili la Lancaster House, Ngala alipata alichokitafuta. Kenya ikapewa katiba ya majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na Seneti ya viti 41. Kuibadilisha kulihitaji kura nyingi mno katika mabunge yote mawili. Kwenye karatasi lilikuwa boma imara.

Kisha likaja suala la ukanda wa maili kumi. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba ukanda uwe sehemu ya Kenya. Zanzibar iliacha dai la Sultani. Kenya nayo iliahidi kulinda uhuru wa dini ya Waislamu na mahakama za kadhi, na kuziheshimu hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Ahadi za dini zilikuwa za haki, na mahakama za kadhi tunazo hadi leo. Lakini itazame ile ahadi ya hati kwa jicho la skwota wa Magarini au Kikambala. Uhuru ulikuja ukiwa umeikumbatia karatasi ya 1908. Wala majimbo ya Ngala hayakuigusa. Boma lilijengwa kabla ya kuulizwa ndani yake ng'ombe ni wa nani.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda kwa urahisi, Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Serikali ya Nairobi haikuwa na nia ya kuyalea majimbo. Madaraka yalicheleweshwa, fedha zikabanwa, na wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja baada ya mwingine. Novemba 1964 Ngala mwenyewe alisimama bungeni akatangaza kwamba chama kimevunjwa na wote wanajiunga na KANU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na katiba aliyoipigania London ikaanza kubomolewa.

Wapo wanaomlaumu kwa kusalimu amri. Nadhani aliona kwamba angebaki peke yake, na Pwani ingebaki nje ya mlango. Usiache mbachao kwa msala upitao; lakini mbacha ukishachanika, mtu hutafuta pa kuketi. Katika mkutano wa KANU wa Limuru mwaka 1966, cheo cha Odinga kiligawanywa kuwa makamu wanane, na Ngala akawa makamu wa Pwani. Aliingia pia barazani kama waziri. Odinga alipounda KPU, chama cha mrengo wa kushoto kilichodai ardhi igawiwe bila malipo, nguvu yake ilikuwa Nyanza. Hapa ndipo ninapoona kitendawili kikubwa. Dai hilo lilimfaa skwota wa Pwani kuliko mtu yeyote, lakini Pwani kwa jumla ilibaki na Ngala, na Ngala alikuwa na Kenyatta. Tahadhari iliyokuwa kinga mwaka 1960 sasa ilikuwa kamba.

Mashamba ya walowezi katika nyanda za juu yalinunuliwa kwa mikopo ya Uingereza na kugawiwa katika mpango wa ekari milioni moja. Ukanda wa Pwani haukuwa na mpango wa kiasi hicho. Katika miaka ya 1970 familia nyingi kutoka bara zilipewa makazi Mpeketoni, Lamu, huku maelfu ya wenyeji wa Kilifi na Kwale wakiendelea bila hati.

Disemba 1972 gari la Ngala lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Nairobi na Mombasa, naye akafariki siku chache baadaye. Maelezo kwamba nyuki waliingia garini na kumchanganya dereva hayakuwaridhisha wengi huku kwetu, na hadi leo huzungumzwa kwa kunong'ona.

Mwaka 2010 Wakenya walipitisha katiba yenye kaunti 47 na Seneti. Hakuna aliyeliita jambo hilo ushindi wa Ngala, maana neno majimbo lilikuwa limechafuliwa na damu ya miaka ya 1990, ikiwemo ya Likoni mwaka 1997, pale wanasiasa walipoligeuza kuwa ruhusa ya kuwafukuza majirani. Ngala hakuwahi kuwa mwanasiasa wa namna hiyo. Lakini wazo lake la msingi, kwamba madaraka yasilundikwe mahali pamoja, limerudi na sasa ni sheria.

Funzo lililobaki ni letu. Watu wa Pwani tuna gavana, tuna bunge la kaunti, tuna maseneta. Boma alilolitaka Ngala tumelipata. Ila ukienda Kilifi leo bado utamkuta mzee aliyepanda mkorosho asiyekuwa na karatasi ya kumrithisha mjukuu wake. Tahadhari ni hekima kwa mwenye kitu cha kulinda. Kwa asiyekuwa na hati, kila mwaka wa kungoja unamlinda mwenye nayo. Wanasiasa wetu wanaolitaja jina la Ngala majukwaani wangemheshimu zaidi kwa kuimaliza kazi ambayo yeye, pamoja na uaminifu wake wote, hakuianza.