Maxim Mdogo: Mwana wa Mhunzi Aliyeupinga Mshindo

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa kuonyesha kwamba mtoto hawezi kuikwepa kabisa kazi ya mzazi wake. Maisha ya Hiram Percy Maxim, mhandisi Mmarekani aliyefariki mwaka 1936, yanaipa methali hiyo sura nyingine. Mwana anaweza kuvukuta katika kiwanda kile kile cha baba yake, lakini moto akauelekeza kwingine. Baba alibuni bunduki ambayo mshindo wake ulisikika katika pembe nyingi za Afrika; mwana akaitumia elimu ile ile ili kuupunguza mshindo. Na kwa yeyote anayejishughulisha na lugha, maisha hayo yana funzo la ziada, nalo ni jinsi jina lisilofaa linavyoweza kukiponza kitu.

Percy, tumwite hivyo ili tumtofautishe na mzazi wake, alizaliwa tarehe 2 Septemba 1869 huko Brooklyn, New York. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, alikuwa mtu wa vipaji vingi na mwenye hasira za karibu. Mwaka 1881 mzee huyo alivuka bahari kwenda Ulaya kwa shughuli za umeme, akafanya makao London, na familia yake ya kwanza ikabaki Marekani. Percy alikuwa na umri wa miaka 11 au 12 hivi. Hapana haja ya kueleza mengi juu ya mtoto anayeachwa katika umri kama huo. Walimu wanaokabiliana na watoto wa aina hiyo madarasani wanayafahamu fika.

Huko London, mwaka 1884, baba alikamilisha bunduki iliyojipakia risasi kwa nguvu ya msukumo wake wenyewe na kufyatua mamia ya risasi kwa dakika moja. Bunduki hiyo ilichukua jina la ukoo, Maxim. Mwaka 1892 Kapteni Lugard aliitumia katika mapigano ya Mengo, nchini Uganda. Mwaka 1893 iliwafyeka Wandebele kusini mwa bara, na mwaka 1898 ikawaangamiza maelfu ya Wasudani huko Omdurman. Kiswahili nacho hakikuachwa nyuma. Kamusi zetu zinalo neno bombomu, yaani bunduki ya kufyatua risasi mfululizo, na hapana shaka kwamba neno hilo ni mwigo wa sauti. Wazee wetu waliipa silaha hiyo jina kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho.

Mshindo huo ulidai malipo kwa mwenyewe pia. Miaka mingi ya kusimama kando ya bunduki zilizokuwa zikijaribiwa ilimharibia mzee Maxim masikio, na uzeeni alikuwa kiziwi. Alipewa uraia wa Uingereza mwaka 1900, akatunukiwa cheo cha Sir mwaka 1901, akafa mwaka 1916 akiwa tajiri na mashuhuri, lakini asiyeweza kusikia vyema wenziwe walipozungumza.

Percy kwa upande wake alikua chini ya uangalizi wa mama yake, Jane. Alihitimu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts mwaka 1886 kabla hajatimiza miaka 17. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha makombora mjini Lynn. Usiku mmoja wa mwaka 1892, akiwa juu ya baiskeli barabarani, alipata wazo kwamba injini ndogo ingeweza kuisukuma baiskeli badala ya miguu. Aliunda mtambo wa magurudumu matatu wa petroli, na mwaka 1895 kampuni ya baiskeli ya Pope, mjini Hartford katika jimbo la Connecticut, ikamwajiri kuunda magari. Hartford ikawa mji wake hadi mwisho. Mwaka 1898 alimwoa Josephine Hamilton, binti wa aliyekuwa gavana wa jimbo la Maryland, wakajaliwa watoto wawili.

Kitu kilichomletea umaarufu kilizaliwa hapo Hartford. Percy alipenda kulenga shabaha, lakini hakupenda kuwaudhi majirani. Mwenyewe alieleza kwamba alitaka tu kufanya mazoezi yake bila ya kuleta bughudha. Inasimuliwa kwamba aliyatazama maji yakizunguka yalipokuwa yakitoka katika bafu, akajiuliza iwapo gesi ya baruti nayo haiwezi kuzungushwa namna hiyo ili itoke polepole. Tarehe 30 Machi 1909 alipewa hataza ya chombo chake nchini Marekani. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kulifikiria jambo hilo, lakini ndiye aliyelifanya likawa bidhaa iliyouzwa kwa mafanikio.

Ufundi wake si mgumu kuufahamu. Bunduki inapofyatuliwa, hewa moto ya baruti hutoka mdomoni mwa mtutu kwa ghafla, na mlipuko huo ndio unaoumiza masikio. Chombo cha Maxim ni bomba lililofungwa mdomoni mwa mtutu, na ndani yake mmepangwa visahani vyenye tundu la kupitisha risasi. Risasi hupita moja kwa moja. Gesi inayoifuata hunaswa baina ya visahani, ikazungushwa, ikapoa na kupungua nguvu kabla ya kutoka nje. Katika toleo la mwaka 1910 Maxim aliliweka tundu juu ya kitovu cha bomba, ili sehemu kubwa ya chombo ining'inie chini na isimzibe mlengaji macho. Inaonekana kuwa jambo dogo, lakini ndilo linalomtofautisha mbunifu anayemfikiria mtumiaji na yule anayejifikiria yeye mwenyewe.

Chombo hicho kilielewana zaidi na bunduki ndogo za .22, zile ambazo risasi zake hubeba kiwashio katika ukingo wa kitako cha ganda. Risasi hizo zina baruti kidogo, kwa hiyo gesi ya kutulizwa nayo ni kidogo, na bomba laweza kuwa dogo na jepesi. Hadi leo wanaochagua chombo cha bunduki za aina hiyo hukabiliwa na mizani ile ile aliyoikabili Maxim. Bomba lenye nafasi kubwa ndani hupunguza sauti zaidi, lakini uzito wake huuvuta mtutu chini na kumchosha mlengaji. Siku hizi bati la alumini au titani limeuwezesha uzito huo kushuka hadi gramu 100 hivi. Aidha, kwa kuwa risasi nyingi za .22 ni za timbi tupu, masizi na chembe za timbi huganda ndani upesi, hivyo chombo kisichoweza kufunguliwa na kusafishwa huzidi uzito na kuharibika kabla ya wakati.

Lakini kuna sauti ambayo bomba haliwezi kuizuia. Risasi inayokwenda kasi kuliko sauti yenyewe, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, huipasua hewa kwa mlio mkali njia nzima iendako. Ndiyo maana anayetaka utulivu wa kweli huchagua kwanza risasi za mwendo wa chini, kisha ndipo achague bomba. Hata hapo, kwa kawaida chombo hiki hupunguza sauti kwa desibeli 20 hadi 35 tu. Bunduki ya .22 yenye mshindo wa desibeli 140 hivi hushuka hadi 110 au 120. Masikio huwa yamepunguziwa hatari, lakini hapana ukimya. Mlio bado hubaki mlio.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Maxim alikiita chombo chake kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kinyamazishi. Lilikuwa jina zuri kwa biashara. Rais mstaafu Theodore Roosevelt, ambaye Wakenya wanamkumbuka kwa safari yake ya uwindaji iliyoanzia Mombasa mwaka 1909, alikuwa na bunduki ya Winchester iliyofungwa chombo hicho. Lakini jina liliahidi kuliko kitu chenyewe kilivyoweza kutimiza. Watunzi wa hadithi za upelelezi na waundaji wa filamu waliliamini jina, wakatuonyesha muuaji anayefyatua risasi chumbani huku anayelala chumba cha pili hasikii lolote. Hata riwaya zetu za Kiswahili zimemjaza jambazi mwenye bastola iliyofungwa kiwambo cha kuzuia sauti. Angalau neno letu lina busara zaidi. Kiwambo hutokana na kuwamba, kama tunavyowamba ngozi juu ya ngoma. Ni kizuizi, na kizuizi hupunguza tu.

Jina lile lilichangia kukichafulia chombo sifa. Mwaka 1934, Marekani ikiwa imechoshwa na magenge ya majambazi, ilipitisha sheria ya kusajili bunduki za rashasha na silaha nyingine, na vinyamazishi vikaingizwa humo kwa ada ya dola 200, fedha zilizozidi mara nyingi bei ya chombo chenyewe. Ada hiyo ilidumu hadi sheria ya mwaka 2025 ilipoifuta kuanzia mwanzo wa 2026, ingawa usajili haukuondolewa. Ilhali huko Finland na Norway wawindaji hukihesabu kuwa kifaa cha kutunza masikio na kuwaheshimu majirani. Chombo ni kimoja, hofu ni tofauti. Sisemi kwamba silaha zisidhibitiwe. Sheria ya silaha ni kinga ya raia, nasi Wakenya tunaijua thamani yake. Ninachosema ni kwamba sheria hupaswa kukipima kitu kwa kile kifanyacho, si kwa kile kiitwacho.

Maxim mwenyewe hakulia juu ya jambo hilo. Kampuni yake ilikwisha kugeukia vyombo vya kupunguza kelele za injini na mitambo ya viwandani. Mafundi wetu wa jua kali wanapozungumza juu ya sailensa ya gari, wanalitumia neno lile lile katika maana iliyo njema zaidi: kelele za mmoja zisiwe adhabu ya wote.

Iwapo mtu atadhani kwamba Maxim alikuwa adui wa sauti, na atazame kazi yake nyingine. Mwaka 1914 alijaribu kupeleka ujumbe kwa redio kutoka Hartford hadi Springfield, mwendo wa kilomita 40 hivi, mtambo wake ukashindwa kufika. Alimpata mwenye redio aliyekuwa katikati ya njia, naye akaupokea ujumbe na kuupeleka mbele. Kutokana na kisa hicho alianzisha pamoja na kijana Clarence Tuska chama cha redio za ridhaa cha Marekani, ambacho wanachama wake walipokezana ujumbe mithili ya wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali ilizifunga redio zote za ridhaa. Vita vilipokwisha wakubwa wa jeshi la majini walitaka mawasiliano ya redio yabaki mikononi mwao. Maxim na wenzake walipinga, wakawaandikia wabunge, na mwaka 1919 raia wakaruhusiwa kuzungumza tena hewani. Mwaka 1925, mjini Paris, aliteuliwa kuwa rais wa kwanza wa muungano wa kimataifa wa redio za ridhaa, ambao chama cha Kenya nacho kimo ndani yake.

Basi mtu aliyejulikana kwa kunyamazisha ndiye aliyepigania haki ya watu wa kawaida ya kusema. Hapana mgongano hapo. Kiswahili chatofautisha mshindo na sauti, kama kitofautishavyo kunyamaza na kunyamazishwa. Mshindo humwondolea jirani utulivu wake. Sauti humfikishia jirani ujumbe. Anayenyamaza kwa hiari yake hutenda adabu, anayenyamazishwa hutendwa. Maxim aliupunguza mshindo, akailinda sauti.

Alifariki tarehe 17 Februari 1936 mjini La Junta, Colorado, akiwa safarini kwenda California kutazama nyota katika kituo cha Lick. Alizikwa Hagerstown, Maryland. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kuhusu baba yake, kitabu kilichojaa mzaha na mapenzi ambayo mtu asingeyatarajia kwa mwana aliyeachwa. Ya bombomu hayakumfanya amchukie mhunzi, wala mapenzi hayakumfanya aufuate mshindo.

Walimu na wanafunzi wana la kuzingatia katika maisha haya. Darasa lenye kelele halisomeki, na darasa lililonyamazishwa halifikiri. Kazi ya mwalimu ni ile ya bomba la Maxim: kuituliza hewa kali inayofuatia, na kuliacha neno lipite moja kwa moja hadi kwenye shabaha yake. Na kabla ya kukihukumu kitu kwa jina lake, na tukifungue kwanza tukaone kilichomo ndani.