Claude Berthollet na Magadi ya Misri

Bila shaka umewahi kuona magadi. Wapishi huyatia kidogo katika chungu cha makande ili mahindi na maharage yaive upesi. Pengine pia umefika Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, wakati wa kiangazi, ukaona ukoko mweupe wa chumvi mahali palipokauka maji. Sasa utasoma habari za mtu aliyetazama ukoko wa magadi katika nchi ya mbali, akagundua jambo kubwa la kemia.

Claude Louis Berthollet alizaliwa mwaka 1748 katika kijiji cha Talloires, ambacho sasa kimo nchini Ufaransa. Alisomea udaktari mjini Turin. Mwaka 1772 alihamia Paris, na huko akajitia katika kemia. Mwaka 1785 alionyesha kwamba klorini huweza kung'arisha nguo. Dawa za maji za kung'arishia nguo nyeupe, ambazo huuzwa madukani, asili yake ni kazi hiyo.

Mwaka 1798 Berthollet alikwenda Misri pamoja na jeshi la Napoleon. Magharibi ya mto Nile aliona maziwa yenye chumvi nyingi. Ufukoni palikuwa na mawe ya chokaa, na juu yake yalitanda magadi.

Jambo hilo lilimshangaza. Alijua kwamba myeyusho wa magadi ukichanganywa na myeyusho wa kloridi ya kalisi, hupatikana chumvi ya kawaida na unga mweupe wa aina moja na mawe ya chokaa. Wakemia wa siku zile waliamini kwamba badiliko la namna hiyo huenda upande mmoja tu. Kumbe kando ya ziwa lilikuwa likienda kinyume: chumvi na mawe ya chokaa vilitoa magadi!

Berthollet alieleza sababu mbili. Kwanza, chumvi ilikuwa nyingi mno. Pili, magadi yaliganda ufukoni na kloridi ya kalisi ilizama ardhini, hata visiweze kukutana tena. Basi wingi wa vitu nao huamua badiliko litaelekea wapi. Lakini usidhani kwamba magadi yote hutokea hivyo. Katika Bonde letu la Ufa, maji huyapata hasa kutoka katika miamba ya volkano.

Fikiria madarasa mawili. Kila dakika wanafunzi watano hutoka la kwanza na kuingia la pili, na watano hutoka la pili na kuingia la kwanza. Idadi haibadiliki, ingawa mwendo haukomi. Badiliko la kikemia liendalo pande zote mbili kwa kasi iliyo sawa huitwa msawazo. Ukiongeza kitu upande mmoja, au ukikiondoa upande wa pili, msawazo husogea.

Mwaka 1803 Berthollet alitoa kitabu juu ya mambo haya. Hata hivyo, alidhani pia kwamba vitu huweza kuungana kwa kiasi chochote. Mkemia mwenzake, Joseph Proust, alimpinga, na majaribio yakathibitisha kuwa Proust ndiye mwenye haki. Maji safi ya Katesh na maji safi ya Kairo yana uwiano uleule wa haidrojeni na oksijeni. Kwa sababu ya kosa hilo, wengi waliliacha hata lile wazo lake lililokuwa sahihi.

Berthollet alifariki mwaka 1822. Mwaka 1864 Guldberg na Waage, wa Norway, waliandika kanuni ya msawazo kwa hesabu, na wazo lake likapata heshima yake. Nawe ukifika sekondari utaitumia kanuni hiyo. Kumbuka basi: mtu akikosea jambo moja, usitupe yote aliyoyasema. Lipime kila neno kwa jaribio.

Mazoezi
1. Kwa nini magadi ya Misri yalimshangaza Berthollet?
2. Kama kloridi ya kalisi isingezama ardhini, ingekuwaje?