Evarts Graham: Bingwa wa mapafu aliyechelewa kuiacha sigara

Mwaka 1919, katika hospitali ya Barnes mjini St. Louis, Marekani, wanafunzi wa udaktari waliitwa kushuhudia uchunguzi wa maiti. Marehemu alikuwa amekufa kwa saratani ya mapafu. Profesa wao alitaka waangalie kwa makini, kwa sababu aliamini ugonjwa huo ni adimu kiasi kwamba huenda wasikutane nao tena maishani.

Leo saratani ya mapafu inaua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Takwimu za Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2022 zinaonyesha wagonjwa wapya wapatao milioni 2.5 na vifo vipatavyo milioni 1.8 duniani kote. Je, ugonjwa ambao mwanafunzi aliitwa kuutazama kama kitu cha ajabu umefikaje hapa? Katika makala haya tunaifuata safari hiyo kupitia maisha ya mtu mmoja, daktari Evarts Ambrose Graham. Aliutibu ugonjwa huu, akasaidia kukigundua chanzo chake, na mwishowe ukamuua yeye mwenyewe.

Mtoto wa daktari

Graham alizaliwa Chicago tarehe 19 Machi 1883. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na kijana akafuata nyayo. Alihitimu Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1904, kisha akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Rush, Chicago, mwaka 1907. Hakuishia hapo. Alirudi darasani kusoma kemia, jambo ambalo madaktari wa upasuaji wa wakati huo hawakuliona la lazima.

Mwaka 1915 alihamia Mason City, mji mdogo katika jimbo la Iowa, kufanya kazi binafsi. Huko alikuta mtindo uliomkera: daktari anayempeleka mgonjwa kwa mpasuaji analipwa kamisheni kwa siri. Kwa hiyo mgonjwa hakupelekwa kwa fundi bora bali kwa anayetoa zaidi. Graham alikataa kushiriki. Miaka mingi baadaye, mwaka 1937, alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi iliyoanzishwa Marekani kuwapima na kuwathibitisha madaktari wa upasuaji.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye makambi ya jeshi, askari wengi walipata nimonia na kujaa usaha kifuani. Madaktari walikuwa wakifungua kifua mara moja ili usaha utoke, na askari wengi walikufa. Graham na wenzake walionyesha kwamba kukifungua kifua mapema mno kunaingiza hewa ndani na kuyabana mapafu yote mawili. Walishauri usaha uvutwe kwa sindano bila kuruhusu hewa kuingia, na upasuaji usubiri. Vifo vikapungua sana.

Mwaka uliofuata, 1919, alipewa uprofesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, akifanya kazi katika hospitali ileile ya Barnes tuliyoanza nayo. Alikaa hapo zaidi ya miaka 30. Mwaka 1924, yeye na mwenzake Warren Cole walitangaza njia ya kukifanya kifuko cha nyongo kionekane kwenye picha ya eksirei, wakitumia kemikali inayopita kwenye ini na kukusanyika humo. Hapo ndipo ile kemia aliyorudi kuisoma ilipomlipa.

Pafu zima linatolewa

Tarehe 5 Aprili 1933, Graham alimpasua daktari mwenzake, mtaalamu wa uzazi wa miaka 48 kutoka Pittsburgh, aliyekuwa na saratani kwenye pafu la kushoto. Inasimuliwa kwamba kabla ya upasuaji mgonjwa huyo alikwenda kwao na kujinunulia kiwanja cha kaburi.

Mpango ulikuwa kutoa sehemu tu ya pafu. Kifua kilipofunguliwa, ilionekana wazi kwamba uvimbe umekaa mahali ambapo kutoa sehemu kusingetosha. Graham aliamua kulitoa pafu zima kwa mkupuo mmoja, akaondoa na mbavu kadhaa ili kupunguza nafasi tupu iliyobaki. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuondoa pafu zima lenye saratani kwa upasuaji mmoja na mgonjwa akapona. Huyu alipona, akarudi kazini, na akaishi hadi 1963. Kiwanja chake cha kaburi kilisubiri miaka 30.

Kwa upasuaji huo, ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukapata tiba, walau kwa wachache waliowahi. Wagonjwa wakaanza kumiminika St. Louis. Lakini kulikuwa na jambo jingine: hata kwenye hospitali nyingine, wagonjwa wa saratani hii walikuwa wakiongezeka.

Swali la sigara

Mmoja wa wanafunzi walioitwa mwaka 1919 aliitwa Alton Ochsner. Kwa miaka 17 hakumwona mgonjwa mwingine wa aina ile. Kisha mwaka 1936, akiwa daktari mjini New Orleans, akawaona 9 ndani ya miezi sita. Alipowahoji, wote walikuwa wanaume, wote wavutaji, na walikuwa wameanza kuvuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Hapa tusimame kidogo. Sigara za kiwandani hazikuwa za kawaida hadi mashine za kuzisokota zilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1880. Vita ya 1914 hadi 1918 ikawafikishia askari mamilioni, maana pakiti za sigara ziligawiwa pamoja na chakula. Saratani haiji siku unayowasha sigara ya kwanza. Inachukua miaka 20, 30, au zaidi. Askari walioanza kuvuta mwaka 1918 ndio waliojaza wodi miaka ya 1930 na 1940.

Ochsner alianza kuilaumu sigara hadharani. Graham, rafiki yake, hakukubali. Kwa maelezo ya Ochsner, Graham alimjibu kwamba ni kweli mauzo ya sigara yamepanda sambamba na saratani, lakini mauzo ya soksi za akina mama yamepanda vilevile. Alikuwa na hoja: mambo mawili kupanda pamoja si ushahidi kwamba moja limeleta jingine. Lakini pia alikuwa na sigara mkononi. Graham alikuwa mvutaji mkubwa.

Mwaka 1948 alijitokeza mwanafunzi wa udaktari, Ernst Wynder, aliyezaliwa Ujerumani na ambaye familia yake ilikimbia utawala wa Wanazi. Wynder alikuwa ameshuhudia uchunguzi wa maiti ya mtu aliyekufa kwa saratani ya mapafu, na mjane wa marehemu akamweleza kwamba mumewe alikuwa akivuta pakiti mbili kwa siku. Akamwomba Graham ruhusa ya kuwahoji wagonjwa wake. Graham hakuamini kwamba kitapatikana kitu, lakini alimruhusu, kisha akamsaidia kupata fedha na kupanua kazi hadi hospitali nyingine.

Matokeo yalichapishwa tarehe 27 Mei 1950 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, yakihusu wagonjwa 684. Kati ya wanaume 605 wenye aina kuu ya saratani hiyo, asilimia 96.5 walikuwa wavutaji wa kiasi kikubwa kwa miaka mingi. Miongoni mwa wanaume wengine waliolazwa hospitalini, waliovuta hivyo walikuwa asilimia 73.7. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa hospitali za London, nao ukaelekea kulekule.

Graham angeweza kulitoa jina lake kwenye kazi ile. Badala yake alitaka ushahidi zaidi. Yeye, Wynder na msaidizi wao Adele Croninger walitumia mashine ya kuvuta sigara, wakakusanya lami ya moshi na kuipaka kwenye migongo ya panya. Desemba 1953 walitangaza kwamba asilimia 44 ya panya hao walipata saratani ya ngozi. Mwezi huohuo wakuu wa kampuni za tumbaku walikutana katika hoteli moja New York, na Januari 1954 wakatoa tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 wakidai kwamba ubaya wa sigara haujathibitishwa. Graham hakurudi nyuma, akaendelea kuandika na kusema wazi.

Na sigara? Aliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa anakaribia miaka 70.

Mwanzoni mwa 1957 alijisikia vibaya, akadhani ni mafua makali. Picha ya eksirei ilionyesha saratani kwenye mapafu yote mawili. Upasuaji alioubuni yeye mwenyewe haukuweza kumsaidia, kwa sababu huwezi kumtoa mtu mapafu yote. Muda mfupi kabla ya kufa alimwandikia Ochsner, rafiki aliyembishia miaka yote ile, kumjulisha kwamba ugonjwa waliobishania umemfika. Alifariki tarehe 4 Machi 1957 katika hospitali ya Barnes, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 74. Alimwacha mkewe Helen, mwanasayansi wa dawa, na watoto wao wawili wa kiume.

Sura ya ugonjwa imebadilika

Tangu Graham azikwe, wagonjwa wa saratani ya mapafu si walewale aliowajua. Katika wodi yake karibu wote walikuwa wanaume. Baadaye wanawake wa Marekani nao walizoea sigara, na miaka ikapita kama ilivyopita kwa wale askari. Mwaka 1987 saratani ya mapafu iliipita saratani ya matiti kwa kuua wanawake nchini humo. Kwa wanaume, waliokuwa wameanza kuacha baada ya serikali kutoa ripoti yake ya mwaka 1964, vifo vilianza kushuka miaka ya 1990.

Aina yenyewe ya saratani imebadilika pia. Wakati wa Graham, aina iliyotawala ilianzia kwenye mirija mikubwa ya hewa. Adenokasinoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, mara nyingi pembezoni mwa pafu, ilikuwa chache, na yeye na Wynder waliihesabu kando. Leo hiyo ndiyo inayoongoza. Wataalamu wanataja mabadiliko ya sigara zenyewe kuwa sababu mojawapo. Baada ya taharuki ya 1953, kampuni zilisukuma sokoni sigara zenye filta. Mvutaji aliona ni laini, akavuta kwa nguvu na kuupeleka moshi ndani zaidi.

Vilevile kuna wagonjwa ambao hawajawahi kuvuta kabisa, wengi wao wanawake. Kwao vinatajwa moshi wa wavutaji wengine, gesi ya redoni itokayo ardhini, moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba na uchafuzi wa hewa, ambao mwaka 2013 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliuweka rasmi kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Kwa hiyo mgonjwa wa ugonjwa huu asitazamwe kama aliyejitakia.

Kwa upande wa wavutaji, takriban asilimia 80 sasa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo za kwetu. Kama hesabu ya miaka 20 au 30 ni ileile, sigara zinazowashwa leo vituoni na vijiweni kwetu zinaandaa wodi za watoto wetu.

Je, kwa kuwa Graham aliacha na bado akafa, kuacha hakuna faida? Jibu linatoka kwa Richard Doll, aliyeacha kuvuta baada ya kuona matokeo yake mwenyewe, akaishi hadi miaka 92. Yeye na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Waligundua kwamba anayeacha akiwa na miaka 60 anajiongezea takriban miaka 3 ya kuishi, miaka 50 anajiongezea 6, miaka 40 anajiongezea 9, na anayeacha akiwa na miaka 30 anajiongezea takriban 10. Kila umri una faida yake, ila inapungua kadiri unavyosubiri.

Jambo la mwisho, ndugu msomaji. Hapa kwetu kikohozi kisichoisha kwanza hufikiriwa kuwa kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli. Lakini ikiwa vipimo vya kifua kikuu havionyeshi kitu, au umemaliza dawa na bado unakohoa, unatoa damu au unapungua uzito, rudi hospitalini na uulize kuhusu picha ya kifua. Saratani hii inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa, kama alivyowahiwa yule daktari wa Pittsburgh.